Mchwa katika Masjala ya Ardhi

"Mchwa hasomi muhuri." Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi, nanyi mmenijia mbio mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Kaeni basi, na wewe Kiondo weka simu chini, maana sisimulii mara mbili. Methali hii ilianzia mbele ya macho yangu, na nawaambia mapema kwamba mimi sikuwa mtu mwema ndani yake.

Nilikuwa mtunza masjala katika ofisi ya ardhi. Masjala ni chumba cha mafaili, na chumba kile nilikikalia miaka ishirini na sita. Kila kiwanja kilikuwa na faili lake, limefungwa utepe na kupangwa kwenye rafu, na hapakuwa na mtu wa kulipata isipokuwa mimi. Hata mkuu wa idara alikuja mlangoni kwa upole: "Mzee Mavura, nisaidie faili fulani." Nami namsubirisha kidogo, ingawa najua lilipo. Siwafichi, nilikuwa naona raha.

Mafaili ya viwanja vyenye ugomvi yalikuwa na rafu yake, imeegemea ukuta wa nyuma. Kila moja tuliligonga muhuri mwekundu: USIFUNGULIWE BILA KIBALI. Kibali alitoa mkuu, lakini ombi lilipitia kwangu. Faili likishagongwa muhuri ule tuliliheshimu mno, hata vumbi hatukulifuta.

Mwaka mmoja zikaja kompyuta na mashine ya kuskani, na pamoja nazo binti mmoja aitwaye Nakiete. Kazi yake ilikuwa kuingiza kila karatasi kwenye kompyuta, ili mtu akitaka faili aandike namba tu, alione. Nilipolielewa hilo nikaanza kujiuliza. Kama namba inatosha, Mavura wa nini?

Basi nikaanza kumzungusha. Mafaili ya kawaida nilimpa, maana amri ni amri. Ya muhuri mwekundu nikamkatalia. "Hayo yana utaratibu," nikamwambia. "Andika ombi." Akaandika. Nikalifukia chini ya karatasi nyingine mezani kwangu. Baada ya mwezi akaniuliza, nami nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Kisha dada yangu akaugua, nikachukua likizo ya wiki mbili kwenda kumuuguza. Niliporudi nikakuta Nakiete amekwenda kwa mkuu mwenyewe, amepewa kibali cha maandishi, na ameshaskani nusu ya rafu ile. Nikamnyang'anya ufunguo wa masjala aliopewa. Alijaribu kuniambia kwamba ukuta wa nyuma una unyevu na mafaili yahamishwe, lakini sikumpa nafasi. Siku ileile nikamwandikia mkuu barua kwamba binti huyu ana kiburi, anachokonoa siri za watu, na ahamishwe. Nikaitia sahihi na kuigonga muhuri. Mkuu hakunijibu.

Masika yakapita. Jumanne moja akaja mjane mmoja, Mama Semboja, na kibali cha mkuu mkononi. Shemeji yake alikuwa amedai kwamba kiwanja ni cha ukoo, na alitaka kumtoa katika nyumba aliyolelea watoto wanne na kumzika mume wake uani. Mama huyu alikuwa na karatasi moja tu ya kumwokoa, barua ya baba mkwe wake ya kumpa kiwanja kile, yenye dole gumba lake na majina ya mashahidi. Alikuwa ameileta kwetu zamani itunzwe, kwa kutuamini. Baraza la ardhi lilikuwa likae Alhamisi, na bila barua ile angetolewa.

Nikaenda kwenye rafu ile ya ukuta wa nyuma, nikalishika faili lake. Lilikuwa jepesi.

"Limepatikana, baba?" akauliza.

Nikaliweka mezani. Jalada lilikuwa zima, na muhuri mwekundu vilevile kama tuliougonga jana. Nikafungua utepe. Ndani mlikuwa na udongo na vipande vipande vya karatasi. Mchwa walikuwa wamepenya ukutani wakalila kwa nyuma.

Mama Semboja akakaa chini palepale sakafuni. "Basi," akasema. "Watanitoa."

Mimi nikabaki nachambua vipande vile kwa vidole.

Nakiete akainuka kwenye kiti chake. "Mama, kiwanja chako namba ngapi?"

Akamtajia. Binti akaandika, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Barua ilikuwapo, na dole gumba, na mashahidi, hata doa la chai pembeni.

"Ndiyo yenyewe?" akamuuliza.

"Ndiyo. Hiki ni kidole cha baba mkwe wangu." Akaanza kulia.

"Mshukuru mzee huyu," Nakiete akasema. "Ndiye aliyeitunza miaka yote hiyo mpaka ikafika kwenye mashine."

Mama Semboja akanishika mikono yote miwili akanishukuru, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akaliokota lile jalada, akapitisha kidole juu ya maandishi mekundu, akasema polepole, "Kumbe mchwa hasomi muhuri." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na kufikia Jumamosi soko zima lilikuwa linasema hivyo.

Alhamisi mkuu alithibitisha nakala ile, shahidi mmoja aliyekuwa bado hai akaitambua, na mama akashinda. Mpaka leo yuko nyumbani kwake, na kila mavuno ananiletea maharage. Nusu huwa nampelekea Nakiete.

Lakini siku ile methali sikuielewa bado. Ijumaa nilikwenda kwa mkuu kumwomba anirudishie barua yangu, ile ya kumsema Nakiete. Akacheka. "Mzee, barua zote zinazoingia huskaniwa siku hiyohiyo. Yako iko kwenye kompyuta zamani."

"Nani anaziskani?"

"Nakiete."

Nikarudi masjala. "Uliisoma?" nikamuuliza.

"Niliisoma, mzee."

"Na hukusema kitu?"

"Ni barua ya ofisi. Niliiweka mahali pake." Akavuta kiti. "Karibu ukae, nikufundishe kuitafuta."

Nikakaa. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nabonyeza herufi kwa kidole kimoja, na machozi yananilengalenga. Kila asubuhi binti yule alikuwa ameniamkia shikamoo akijua nilichomwandikia, na mbele ya watu akanipa heshima niliyotaka kumpokonya. Namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo. Nilikuwa na cheo, na ufunguo, na ofisi nzima ikiniheshimu, kumbe ndani wivu umenila, nimebaki jalada. Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu: mchwa hasomi muhuri.