Nungunungu Asiye na Alama

Mpo, wenzangu?

Tupo!

Nianze?

Anza, masikio yetu ni yako!

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde lenye majani na maji. Mnyama aliyetaka kuhamia humo alivuka mto kivukoni kwa Kiboko, akangoja zamu yake hapo ukingoni, akapakwa tope jeupe kwenye paji la uso. Tope hilo halikufutika. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake ya kukaa.

Mwaka mmoja moto uliteketeza nchi ya ng'ambo. Nungunungu alikuwa mjamzito. Kwa kuogopa kuzaa akingoja zamu, hakwenda kivukoni. Alivukia mto huko juu, penye mawe, akaingia bondeni bila alama.

Akachimba shimo, akazaa. Watoto wakakua, nao wakazaa. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisha mvua zikapungua, majani yakawa haba. Mfalme Nyati akaita baraza, akasema, "Aliyehamia bila alama arudi alikotoka!"

Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, akasimama. "Nungunungu hana alama! Mimi nilingoja kivukoni jua likiniwakia. Yeye kaingia kwa mlango wa uani!"

Nungunungu hakukana. "Ni kweli. Na tangu siku hiyo, kila nikisikia kwato nyuma yangu, moyo hunilipuka. Lakini Mfalme, nirudi wapi? Kule hata njia zake nimezisahau."

"Sheria ni sheria," Nyati akasema. "Ngiri, mvushe mto."

Ngiri akainamisha kichwa. "Shimo ninalolala alinichimbia yeye. Mimi siwezi."

"Kanga, mvushe wewe."

"Mwewe alipowavamia wanangu, walijificha chini ya miiba yake. Mimi siwezi."

"Punda Milia!"

"Mama alipofariki, kaburi alichimba yeye. Mimi siwezi."

"Basi nitampeleka mimi," akasema Pofu.

Wakaenda. Wajukuu wa Nungunungu wakawafuata wakilia, mpaka bibi yao akawaambia warudi nyumbani.

Walipofika kivukoni, Pofu akasimama ghafla. Palikuwa na rundo dogo la mawe.

"Mwanangu yuko hapa chini," akasema. "Homa ilimchukua tukingoja zamu. Ningevukia kule juu kama wewe, labda angekuwa hai. Nikikuona na wajukuu zako, roho inaniuma."

Nungunungu akaketi palepale mchangani. "Sikujua, dada yangu. Miaka yote hii tumekunywa maji pamoja, sikukuuliza hata siku moja. Nisamehe."

Pofu akalia. Alilia sana, Nungunungu akiwa kando yake. Alipomaliza, akajifuta uso, akasema, "Inuka. Turudi."

Wakarudi barazani.

"Sikumvusha," Pofu akamwambia Nyati. "Nikimvusha, mwanangu hafufuki. Apewe alama. Lakini kwanza akangoje kivukoni kama tulivyongoja sisi. Na akiwa huko, achimbe pango lenye kivuli, wanaongoja na watoto wapate pa kuwalaza."

Nyati akauliza, "Na atakayevuka kwa kujificha kesho?"

"Huyo mrudishe kivukoni kesho hiyo hiyo," akasema Pofu. "Kabla hajachimba, kabla hajazaa, kabla hajatuzikia mama zetu."

Nyati akatazama huku na huku. Hakuna aliyepinga. "Na iwe hivyo," akasema.

Nungunungu akaenda kivukoni. Akachimba pango, akangoja zamu yake mpaka ikafika. Kiboko akampaka tope jeupe, naye akarudi kwa wajukuu zake akitembea katikati ya njia.

Funzo, wenzangu, ni hili: mlango uwe na mlinzi, sawa. Lakini mliyemwacha akaota mizizi kwenu, mkimng'oa mnajichana wenyewe. Mpeni njia ya kunyoosha alichopinda. Naye asimsahau aliyengoja.

Hadithi nimeitua hapa. Wa kuibeba aibebe, mwenye usingizi akalale.