Bi Panya na Mundu Wenye Meno

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima mpunga bondeni, Bi Panya alimkuta jirani yake Kanga akilia shambani. Kila Kanga alipovuta mundu, masuke yalitikisika na punje zikamwagika matopeni. Vifaranga wake walikuwa na njaa.

Jambo hilo lilimkaa Bi Panya moyoni. Akachukua tupa, kru, kru, kru, akachonga vijino vidogo kwenye makali ya mundu. Mundu ule ukashika bua na kulikata taratibu, punje isianguke. Wa kwanza alimpa Kanga bure. Mingine akaiuza, akawalisha wanawe.

Kiboko, mhunzi mkubwa, alipouona akaanza kufua kama huo. Sheria ya bonde ilisema aliyebuni chombo akiuze peke yake misimu mitatu, isipokuwa kama ni kitu cha wazi ambacho yeyote angekifikiria. Bi Panya akaenda kushtaki kwa hakimu Twiga. Akishindwa, wateja wote watakwenda kwa Kiboko, karakana yake itafungwa, na watoto watakula nini?

Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. Akasema mundu ni wa tangu enzi za mababu, na meno kila mtu anayo kinywani. Kuviunganisha hata kiluwiluwi angeweza. Wanyama waliokusanyika wakautazama mundu, wakaona ni kweli. Twiga naye akaanza kutikisa kichwa kumkubalia.

Bi Panya akasimama.

"Mheshimiwa, kabla hujakata shauri, niruhusu nimchangamshe kaka yangu. Kitendawili!"

"Tega," Kiboko akajibu upesi. Nani husikia kitendawili akanyamaza?

"Nalala naye, natembea naye, nazeeka naye, wala sijawahi kumwona."

Kiboko akataja upepo. Sio. Akataja usingizi. Sio. Akataja mkewe, na mkewe akamkodolea macho.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Matopeni."

"Nimekwenda Matopeni, nimekula, nimeshiba. Ni kisogo chako."

Kiboko akajipapasa nyuma ya kichwa, pwaa. "Aa, kisogo! Hilo si liko wazi?"

"Lilikuwa wazi ulipokuwa unanipa mji?"

Kiboko akaondoa mkono kisogoni.

"Umefua miundu tangu ujana wako, kaka," Bi Panya akasema kwa upole. "Na meno unayo makubwa kuliko yangu. Mbona hukuyaweka?"

Wanyama wakaangua kicheko, kisha wakatazamana, maana hata wao hawakuwahi kuyaweka. Twiga akaamua mundu ni wa Bi Panya.

Kiboko akaondoka ameinamisha kichwa. Bi Panya akamkimbilia, akamwambia mavuno yamekaribia na mikono yake midogo haitatosha. Yeye afue chuma, Bi Panya achonge meno, wagawane faida. Kiboko akakubali, na mwaka ule hakuna kifaranga aliyelala njaa bondeni.

Basi wanangu, kitendawili kikishateguliwa huwa chepesi kwa wote; mheshimuni aliyekitegua kwanza.