Mkono wa Sanad na Kilemba Cheupe

Wanasimulia wenye elimu, wakipokea kwa waliowatangulia, na ajuaye undani wa mambo ni Mola peke yake, ya kwamba katika mji mmoja wa Iraki palikuwa na karakana kubwa ya kutia nguo rangi ya nili. Mwenye mali aliitwa Sheikh Abdulmuhsin, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi, na mkono wake kwa mafukara ulikuwa wazi. Msimfikirie vibaya haraka, ndugu zangu. Angalikuwa mtu mbaya, kisa hiki kingalikuwa chepesi kukisimulia.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kila mwisho wa msimu, wafanyakazi waliotaka kuwa mafundi walisimama mbele ya mafundi wakongwe, wakakunja kanzu, wakaonyesha mikono. Ambaye buluu ya nili imempanda mpaka kiwikoni, walimwambia, "Mkono umeshuhudia," wakamkabidhi mtungi wake wa rangi, akakaa kivulini na wenziwe. Ambaye mkono haukumshuhudia alirudi tanurini kuchochea magadi yanayochemka ya kuyeyushia nili, na mvuke wa magadi hauna huruma na kifua cha mwanadamu.

Desturi nzuri, au siyo? Haikumtaja mtu kwa ukoo wala kwa rangi yake. Lakini waliokuwa tanurini wote walikuwa watu weusi, na kivulini hapakuwa na mweusi hata mmoja. Watu waliingia na kutoka, miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Miongoni mwa wale wa tanurini alikuwamo Sanad bin Mabruk, mja mcha Mungu, muungwana wa kuzaliwa. Nguo zilipozidi, mafundi walimwita awasaidie kuzamisha, na alizozizamisha yeye ziliuzwa kwa majina yao. Mkono wake ulikuwa umekunywa nili tangu ujana. Ila ngozi yake ilikuwa nyeusi tii, na buluu juu ya weusi ule ilijificha. Kila msimu alikunja kanzu, na kila msimu wakongwe waliinama, wakatazama, wakamwambia kwa upole kabisa, "Hatuoni kitu, Sanad. Subiri, subira yavuta heri."

Ukafika msimu ambao Sanad alianza kukohoa damu. Mkewe, Bi Nusayba, akamshika kanzu.

"Mume wangu, tanuri lile litakuua. Jipake chokaa mkononi kabla ya kuzamisha. Ngozi ikiwa nyeupe, rangi itaonekana. Nani atajua?"

"Atajua aliyeniumba," akajibu Sanad. "Rangi ipo mkononi mwangu, Nusayba, hilo si uongo. Uongo ni kuificha ngozi yangu ili ukweli wangu upate kuaminiwa. Sitakwenda mbele ya Mola nikiwa nimeionea haya kazi yake."

"Basi utakwenda mapema," akasema Nusayba, na akalia.

Siku ya kuonyesha mikono ikafika. Sanad akakunja kanzu, mkono ukidondoka nili mbichi. Wakongwe wakainama. "Hatuoni kitu." Safari hii hakuondoka. Alimgeukia mwenye mali.

"Ewe Sheikh, jicho likishindwa, kitambaa hakishindwi. Nipanguse kwa kilemba chako cheupe, kisha utazame kilemba."

Sheikh Abdulmuhsin akaupeleka mkono kichwani. Vidole vikashika kilemba. Hapo fundi mmoja mkongwe, jina lake Utba, akakohoa.

"Ya Sheikh, desturi ni mkono, haikutaja kilemba. Tukimfungulia huyu mlango, kesho tanuri zima litakuwa hapa likidai vilemba. Na magadi atachochea nani?"

Subhanallah! Ukweli ulitoka wenyewe, bila ya kuitwa, na kila mtu pale aliusikia. Sheikh naye aliusikia. Kisha akaushusha mkono wake mtupu.

"Subiri, Sanad," akasema, macho yakiwa chini. "Msimu ujao tutatazama."

Sanad akasema, "Hasbiyallahu wa ni'mal wakil, Mungu ananitosha, naye ni mbora wa kutegemewa," akarudi tanurini. Msimu ujao hakuuona.

Siku ya maziko Sheikh alikuja mapema, akawaomba waoshaji wamwachie amimine maji. Maji ya kwanza yalipopita juu ya mkono ule yalishuka buluu. Wakaosha mara tatu, wakaongeza ikawa tano, wakaongeza ikawa saba, na maji bado ni buluu. Sheikh akavua kilemba, akaupangusa mkono wa maiti, na kilemba kikageuka rangi chote. Alilia mpaka waoshaji wakamshika mabega. Akatoka, akasimama nyuma ya mlango wa Bi Nusayba, akaomba ruhusa kilemba kile kiwe sehemu ya sanda.

"Kiwekeni," sauti ikatoka ndani. "Lakini ujue, alikiomba akiwa hai."

Sheikh akarudi karakanani akatangaza kwamba tangu siku ile hakuna tena kuonyesha mkono. Mafundi wakakubali bila ya ubishi, na ukimya wao ungalipaswa kumshtua. Wakaweka utaratibu mwingine: kila fundi atamtaja mtu anayemfahamu na kumwamini, ndiye apewe mtungi. Msimu ulipokwisha, Sheikh akaenda kwa Bi Nusayba na uso wa furaha.

"Bibi, ile desturi nimeifuta."

"Mola akulipe. Na mtungi uliobaki wazi, kapewa nani?"

Sheikh akajibu, "Mpwa wa Utba."

"Na tanurini wapo nani?"

"Wenziwe Sanad."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema Bi Nusayba. "Kunyonga mmekuweza. Haki ndiyo iliyowashinda." Akaufunga mlango.

Husemwa kwamba Sheikh Abdulmuhsin hakuvaa tena kilemba maisha yake yote, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Tanuri likaendelea kuwaka.

Ewe mwenye duka, ewe mwenye kiwanda, unayeapa kwamba hujambagua mtu: sikukatalii, huenda moyo wako ni safi kuliko wangu. Lakini leo ukifika kazini kwako, tazama nani wamekaa kivulini na nani wako tanurini. Ukishaona, usiniambie umehuzunika. Vua kilemba chako, maadamu anayekiomba angali hai.