Nyonga ya Mwenye Farasi

Ndugu zangu waumini, fumbeni macho kidogo. Mzee Mutwiri, nimesema kidogo, usije ukatukoromea.

Kulikuwa na bwana mmoja, huku juu kwenye mashamba ya ngano, aliyekuwa na farasi jike wa kijivu. Mabega yamelala vizuri, mgongo mfupi, miguu mirefu. Ule mwendo wake wa kati, usio matembezi wala shoti, ulikuwa kama kubebwa mgongoni na mama. Asubuhi ukungu bado uko chini, ngano inapita taratibu, bwana anasinzia huku anatabasamu. Raha iliyoje!

Lakini raha hiyo ilikuwa kwenye kona ya kushoto tu. Farasi akikata kushoto, mguu wa kushoto hutangulia. Akikata kulia, hutangulia wa kulia. Huyu hata akienda kulia alitanguliza ule ule wa kushoto. Siku moja miguu ikagongana, bwana akajikuta mtaroni.

"Auzwe awe nyama ya mbwa!" akafoka. Na kweli mnunuzi akaja na kamba yake.

Jirani yake, dada mmoja mfunza farasi, akaomba amwone kwanza. Akampapasa mabega, mgongo, magoti, bila haraka.

"Umbo halina kasoro. Nani alimfunza?"

"Mimi mwenyewe. Miaka minne, kila asubuhi."

"Mlikuwa mnazunguka upande gani?"

Bwana akajishika nyonga. "Kushoto. Nikienda kulia, nyonga hii inaniuma."

"Basi, mzee wangu, farasi hana kosa. Amejifunza nyonga yako."

Bwana akamnyang'anya mnunuzi kamba. Akapanda, akageukia kulia, machozi yakimtoka kwa maumivu.

Haya, fumbueni macho. Si kila mmoja alikuwa anajiuliza yeye ni farasi wa namna gani? Hapana, jamani! Sisi ndio tuliopanda. Mungu anatupa watoto walioumbwa vizuri, tunawazungusha upande ule tu usiotuuma sisi, halafu wakikwama tunawaitia mnunuzi.

Mimi neno "nisamehe" limeniuma tangu utotoni. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kunisikia nikilitamka, hata mama watoto. Juzi binti yangu alivunja kikombe, akamsingizia paka. Nikamchapa kwa sababu hakuomba msamaha.

Nikitoka hapa madhabahuni naenda kumpigia magoti. Ana miaka saba, ndugu zangu, nami naogopa.