Kiboko na Sufuria la Pili

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanaalikana harusini, Kiboko alikuwa bosi wa jiko la shughuli. Tumbo kubwa, sauti kubwa, na kupika kwenyewe hajui! Pilau likitoka zuri, anajipiga kifua: "Mkono wangu huo!" Likiungua, anafoka: "Wapishi wangu wajinga hawa!"

Aliyepika kweli ni Kobe, mzee wa taratibu. Nguchiro, mdogo hivi lakini mjanja, alikuwa mkata vitunguu, na alimpenda Kobe kama baba yake.

Asubuhi ya harusi ya binti wa Mzee Nyati, Kiboko akaingia jikoni, puu! puu! puu!

"Kobe! Unajikokota mno. Ukimaliza sufuria hili, nenda zako. Sitaki kukuona tena!"

Kobe aliendelea kukoroga huku machozi yakimdondoka. Nguchiro aliumia sana moyoni.

"Usilie, baba," akanong'ona. "Wewe pika kama siku zote. Mengine niachie mimi."

Pilau likaiva. Wageni wakala, nyam nyam nyam, wakajilamba vidole. Mzee Nyati akasimama.

"Jamani! Nani kapika pilau hili?"

"Mimi!" Kiboko akaruka.

"Peke yako?"

Nguchiro akadakia upesi. "Peke yake, mzee! Sisi tulikuwa tunafukuza nzi tu. Au siyo, bosi?"

Kiboko akachekelea. Sifa zilikuwa zimeshampanda kichwani. "Peke yangu! Hawa wananizibia njia tu."

"Basi tusikuzibie, bosi," Nguchiro akasema kwa adabu zote. Akamshika Kobe mkono, wakaenda kukaa mkekani na wageni. Wakaletewa sinia. Tangu aanze kazi, Kobe hakuwahi kula pilau lake likiwa la moto. Lo, lilikuwa tamu!

Ila Nguchiro alijua kitu ambacho Kiboko alikisahau: upande wa bwana harusi ulikuwa bado njiani. Mara vigelegele, hao wanaingia, nyati arobaini wenye njaa!

"Haya, Kiboko," akasema Mzee Nyati. "Sufuria la pili!"

Kiboko akaingia jikoni peke yake. Kacha! Akavunja kuni. Fuuu! Akapuliza, moshi ukamjaa machoni. Akafunua kopo hili, akafunika, akafunua lile. Huku nje matumbo yananguruma, nguru, nguru.

"Kiboko! Vipi huko?"

Kiboko akachungulia mlangoni, mwiko mkononi, akauliza kwa sauti ndogo ajabu:

"Nguchiro... eti chumvi huwa inakaa wapi?"

Harusi nzima ikaangua kicheko, kwa kwa kwa!

"Mpishi gani hajui chumvi yake ilipo?" Mzee Nyati akauliza, akamnyang'anya mwiko. "Nani hasa kapika lile la kwanza?"

"Huyu hapa, mzee," Nguchiro akamwonyesha Kobe, mdomo bado umejaa. "Na leo asubuhi kafukuzwa."

"Kafukuzwa? Basi tangu leo jiko hili ni lake!"

Kobe akameza tonge, akapokea mwiko, akaenda jikoni taratibu, taratibu, na hakuna aliyemharakisha. Kiboko akaaga kwa aibu, akateremka mtoni, chubwi! Wale nyati arobaini wakala wakashiba.

Basi wanangu, mkila kitamu, ulizeni kwanza ni nani aliyeshinda kwenye moshi.