Rupia Nyeupe ya Mzee Kombo

Haya, sogeeni, na mwenye simu aizime. Mwisho wa kisa hiki nina swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Palikuwa na ndugu watatu pale Ngamiani, Tanga, watoto wa Mzee Kombo muuza sarafu za kale. Saade, wa kwanza, alikuwa na mikono isiyovumilia uchafu. Hata kikombe ulichoosha mwenyewe angekiosha tena. Mbwana, wa pili, alikuwa na jicho la wasiwasi. Hakumwamini mtu, na nikisema mtu nahesabu humo ndugu zake wa tumbo moja. Kibibi, kitinda mimba, kiganja chake kilikuwa mizani: umwekee kitu mkononi, atakwambia kizito au chepesi kabla hujauliza.

Mzee alikuwa amechoka, anataka kumkabidhi mmoja wao duka. Mbwana alilitaka duka lile mpaka usingizi ukawa wa taabu. Siku hizo duka lenyewe lilikuwa ndani ya simu: unaweka picha kwenye soko la mtandaoni, mnunuzi anaagiza, unatuma kwa posta. Lakini soko lile halina mchezo. Ukionekana umeuza sarafu ya bandia, ukurasa wako unafungwa moja kwa moja, na jina lako limekwisha.

Basi rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani, nyeusi kwa uzee, ilipowekwa picha yake ikapata mnunuzi wa mbali aliyejiita Profesa. Aliikubali bei bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Mbwana hakuipenda tabia hiyo.

Saade alipewa rupia aifungashe. Akaona haya kumpelekea mgeni kitu kichafu, maana kwao fedha haitoki nyumbani bila kusuguliwa, iwe bangili ya harusi au kijiko. Akachukua majivu na ndimu, akaisugua mpaka ikawa nyeupe. Najua, wenye kujua sarafu mmeshajishika kichwa. Sarafu ya kale haisuguliwi; ule weusi ndio wakusanyaji wanaoutaka. Mzee alilisema hilo tangu wangali wadogo, na Saade lilimpita.

Mbwana naye alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye kopo la majani ya chai, inarekodi. Msidhani alikuwa akimlinda Profesa. Alikuwa akimvizia dada yake, kwa kuwa moyoni alishajiaminisha kwamba Saade hubadilisha sarafu. Akaona majivu, akaona ndimu, akaona rupia nyeupe ikiingia kwenye bahasha na bahasha ikigundishwa. Akanyamaza. Video ile aliiweka akiba kwa siku ya kurithishana duka.

Haukupita muda, Profesa akalalamika kwa waamuzi wa soko: "Wamenitumia bandia. Nawarudishia." Jioni ile wakaketi kula. Mbwana alimtazama Saade, Saade akamtazama Kibibi, Kibibi akamtazama Mbwana, na Mzee akawatazama wote.

Kibibi ndiye aliyekwenda posta. Karani akamsogezea bahasha. "Tia saini, dada, watu wanangoja."

Kibibi akaipima kiganjani. "Hii nyepesi. Sitii saini mpaka uifungue wewe mwenyewe, hapa hapa."

"Kwani unamshuku nani?"

"Wewe ifungue tu, kaka."

Foleni ikaguna. Karani akaifungua, ikatoka rupia nyeusi, akaipiga picha mikononi mwake mwenyewe. Na nani Kibibi alikuwa akimshuku? Si Profesa. Aliogopa kwamba ikifika nyumbani imefungwa, mkono wa Mbwana ungeingia humo, kisha lawama ziwaangukie dada zake.

Nyumbani Mzee akaiweka karibu na picha ya tangazo. Nyeusi kwa nyeusi, pacha. "Tumekwisha," akasema. "Waamuzi watalinganisha na picha yetu wenyewe. Watasema ni hii tuliyotuma." Saade alijua ametuma nyeupe, ila hakuwa na shahidi, akaogopa kusema.

Mbwana akaitazama ile rupia nyeusi. Alishaelewa: Profesa alichonga bandia yake kwa kuiga picha ya tangazo, ili abaki na halisi. Alipopokea nyeupe hakujali, maana mbele ya waamuzi ushahidi ni picha. Video ingemuumbua Profesa. Lakini ingemuumbua na Mbwana pia, na Mzee hawezi kumpa duka mtu anayewavizia nduguze. Akaishika simu mfukoni, akaiachia, akaishika tena. Mwishowe akaitoa.

Mzee aliitazama mpaka mwisho. "Kumbe uliisugua, Saade."

"Niliisugua, baba."

"Na wewe uliona, ukaacha iende."

"Itume kwa waamuzi, baba," akasema Mbwana.

Waamuzi walipata video, na picha na maneno ya karani. Imetoka nyeupe, imerudi nyeusi, na imefunguliwa kabla haijafika mikononi mwa wenye duka. Profesa akafukuzwa sokoni, na duka likapona.

Mzee akaweka funguo za kabati la sarafu mezani. "Achukue aliyeliokoa duka."

"Nisingeisugua," akasema Saade, "nyeusi ingelingana na nyeusi, na tungefungiwa."

"Nisingerekodi," akasema Mbwana, "nani angeamini kwamba uliisugua?"

"Nisingemkatalia karani," akasema Kibibi, "wangesema tumeibadilisha wenyewe nyumbani."

Mikono mitatu ikanyooshwa juu ya meza, na hakuna uliotangulia kushika, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiichunga ya wenzake.

Sasa niambieni. Mmoja aliokoa kwa kosa alilokatazwa, mmoja kwa kumvizia dada yake, mmoja kwa kumshuku kaka yake. Ungekuwa wewe ndiye Mzee Kombo, ungempa nani funguo? Na ukishampa, hao wawili utawaambia nini walale nyumba moja naye?