Vitanda Viwili vya Lushoto

Hadithi yangu ni ya wachovu. Aliyelala vizuri jana akae nyuma, aliyechoka asogee mbele, maana mwishoni nitamtaka yeye aamue.

Palikuwa na wapangaji watatu wa nyumba moja mjini Morogoro. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mara ya mwisho kulala usiku kucha ilikuwa lini.

Wa kwanza ni Lusajo. Mchana alichapa barua na ripoti za watu dukani, usiku alimgeuza baba yake aliyepooza, ubavu huu, ubavu ule, kila baada ya saa mbili. Kipaji chake kilikuwa kuifanya kompyuta iimbe. Alikuwa na programu ya Kijapani, mojawapo ya zile ambazo vijana wanaziita vokaloidi, yenye sauti mbili, ya kiume na ya kike. Ukiiandikia silabi na noti zake, inaimba ulichoandika. Na kwa kuwa irabu za Wajapani ni tano kama zetu, Kiswahili kiliikaa vizuri, isipokuwa l na r, ambazo iliziona kitu kimoja, kama majirani zangu fulani.

Wa pili ni Mwasiti, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na pumu, tena ile inayomlaza mtu ameketi, mgongo ukutani. Kipaji chake kilitoka humo humo kwenye ugonjwa: alijua thamani ya pumzi. Ukizungumza naye, alijua utapumua wapi kabla wewe hujajua.

Wa tatu ni Sikitu, na hadithi inamfuata yeye, kwa sababu kalamu iliishia mkononi mwake. Alifua mashuka ya hospitali zamu ya usiku, akarudi asubuhi kwa mapacha wa miaka miwili waliokuwa ndiyo kwanza wameamka. Yeye alikuwa na sauti. Akiimba, watu waliacha walichokuwa wakikifanya.

Basi Bwana Kobelo, mwenye ukumbi wa karaoke, akatangaza shindano la kuimba wawiliwawili, sauti ya kike na ya kiume. Zawadi ni siku nne kwenye nyumba ya wageni Lushoto, chumba kimoja, vitanda viwili, chakula unaletewa, na hakuna kugongewa mlango kabla ya saa nne asubuhi. Sikitu alilisoma tangazo mara tatu. Hiyo saa nne ndiyo iliyomtoa machozi.

Lusajo akatunga wimbo wa mume wa zamu ya mchana na mke wa zamu ya usiku, wanaokutana mlangoni tu kupokezana ufunguo. Aliuandika silabi kwa silabi kwa wiki sita, katika zile saa mbilimbili ambazo angeweza kusinzia kabla baba hajahitaji kugeuzwa tena. Ukawa mzuri mno. Kasoro yake ilikuwa moja: mashine haina mapafu. Sikitu alipoujaribu aliishiwa pumzi kwenye ubeti wa kwanza, na kwenye wa pili akaona nyota mchana.

Mwasiti akauchukua wimbo, akaukata kama kitambaa. Palipomlazimu mwanamke apumue, alimpa mwanamume maneno, na kila kituo akakitia alama kwa chaki yake ya kushonea. Kila mstari aliujaribu kwa kifua chake mwenyewe, akinong'ona ukutani saa ambazo angalau angefumba macho, hadi dawa yake ya kuvuta ikaisha kabla ya mwezi kwisha. "Yeye akiimba, wewe vuta pumzi," alimfundisha Sikitu. "Usingoje akuruhusu."

Sikitu naye akaufanyia mazoezi asubuhi, ule muda wake pekee wa kulala, mapacha wakimning'inia kwenye kanga. Sehemu ya kiume iliachiwa mashine, kwa sababu sauti ya Lusajo ni ya kukimbiza kunguru.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Bwana Kobelo alipoambiwa kwamba mwanamume ni kompyuta, alijikuna kichwa, akasema hakuandika popote kwamba lazima awe na miguu. Sikitu akaimba. Kwenye ubeti wa tatu, mashine ilipochukua zamu yake, alifumba macho na kichwa kikainama, na ukumbi mzima ukanyamaza kwa kuguswa. Ukweli ni kwamba alilala. Alilala amesimama, kipaza sauti mkononi, na lilipofika neno lake akaamka akalidaka. Waamuzi walisifu sana hisia zake.

Wakashinda, na majirani wakaahidi kumwangalia baba yake Lusajo na mapacha siku hizo nne. Bwana Kobelo akampa Sikitu karatasi na kalamu aandike majina mawili kabla ukumbi haujafungwa, la sivyo zawadi inakwenda kwa wa pili. Kuongeza godoro, alikataa. Kugawana siku, alikataa pia.

"Kitanda kimoja ni cha mwanamke aliyeimba," alisema, "na kingine ni cha mwanamume aliyeimba. Sasa huyo wenu hana mgongo wa kulaza. Mtajua wenyewe mnaandika majina gani."

Lusajo akasema bila yeye pasingekuwa na cha kuimba, na mashine ni yake, basi kitanda cha mashine ni chake. Mwasiti akasema wimbo usioimbika ni makaratasi tu, yeye ndiye aliyeufanya uimbike. Kisha akaongeza kwamba waimbaji Morogoro wamejaa, na wimbo ukishakatwa vizuri yeyote mwenye sauti angeuweza. Sikitu akajibu kwamba huyo yeyote hakutokea, alitokea yeye.

Hapo ndipo ulipofika wakati wa mmoja kusema, kama watu wazima wanavyosema, nendeni ninyi, mimi nitabaki. Sikitu alingoja. Aliona aibu kwa kungoja, lakini aliendelea kungoja.

"Msinitazame," Mwasiti akasema taratibu. "Maisha yangu yote mimi ndiye ninayesema niachwe. Leo nimechoka, wadogo zangu. Sisemi."

"Na mimi sisemi, dada," akasema Lusajo. "Nisamehe."

Nje honi ya gari la Bwana Kobelo ikalia kuwahimiza. Sikitu akaiweka karatasi juu ya goti. Kusema kweli jina la kwanza lililomjia lilikuwa lake mwenyewe, na hakulifukuza.

Sasa ninyi mliosogea mbele, msiniambie kwamba wote wanastahili, hilo hata Sikitu alilijua. Vitanda ni viwili, na wachovu ni watatu. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwacha nani? Na kesho asubuhi, mkikutana uani, ungemsalimiaje?